Bastola ya Pembeni

Bi Mwanaidi aliweka furushi la kanga juu ya meza ya Shomvi, fundi wa silaha, akalifungua na kutoa bastola ya marehemu mumewe. Kazi aliyoiacha mumewe, ya kulinda ghala la soko, sasa ilikuwa yake.

"Inapiga kando, fundi. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Pembeni. Miaka yote ile risasi yake haikumpata mwizi hata mmoja."

Fundi aliibana kwenye jiliwa, akafumba jicho moja, kisha akakipapasa kile kinundu cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu.

"Hiki hakikupinda kwa kuanguka, mama. Kimegongwa makusudi. Na aliyekigonga alitanguliza kitambaa, nyundo isiache alama. Nani mwingine aliishika?"

"Hakuna. Hata mimi alinikataza."

"Basi nikinyooshe?"

Bi Mwanaidi aliivuta ile kanga yake kuukuu iliyofungia bastola. Kwenye pembe palikuwa na tundu dogo, ambalo siku zote alidhani ni la panya. Akakifunika kinundu kwa pembe ile, na tundu likakaa sawasawa pale nyundo ilipogonga.

Fundi alisubiri, nyundo mkononi.