Kicheko cha Fisi Darasani

Katika chuo kikuu cha wanyama palikuwa na darasa la Kiingereza cha daraja la kati. Mhadhiri, Twiga, alikuwa mpole kupita kiasi, kila jibu kwake lilikuwa "vizuri sana." Fisi, aliyeijua sarufi yote kichwani, alikaa nyuma kimya, akisubiri mwenzake akosee amcheke.

Kakakuona ndiye aliyechekwa zaidi. Kila alipochekwa alijikunja kwa aibu, akaiandika sentensi aliyoikosea daftarini, akaitafutia dawa, kisha akajikunjua na kunyoosha mkono tena.

Ukafika mtihani wa kuzungumza. Kakakuona akaongea mpaka Twiga akasahau kusema "vizuri." Fisi akafungua mdomo, maneno yakagoma kutoka, kwani muhula mzima hakuwahi kutamka hata sentensi moja. Akafeli.

Alipomwona Kakakuona anamjia, akainamisha kichwa. "Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kukushukuru, ndugu yangu. Mwalimu alinisifu hata nilipoharibu. Ni wewe tu uliyenionyesha nilipokosea."

Fisi akainua kichwa.

"Una mtihani wa marudio wiki ijayo," Kakakuona akasema, akimvutia kiti. "Haya, ongea. Leo nacheka mimi."