Mama Kanipa Bergen

Nilipofaulu mtihani mama alinipa zawadi ya safari yake ya Bergen, kule Norwe. Siku hizi mtu anaweza kumpa mwenzake kumbukumbu, ila yeye mwenyewe inamtoka kabisa.

Basi sasa mimi ndiye ninayeijua mvua ya ile bandari, na zile nyumba za zamani za mbao, nyekundu na njano, zimeinamiana kama zinasengenya watu. Namuona na marehemu baba, ambaye nilimjua kwa picha tu, ananivisha koti lake.

Kila tukimenya viazi mama ananiuliza.

"Haya Mbeyu, sokoni nilinunua nini?"

"Kamba wa kuchemsha. Halafu ukaomba nyongeza."

"Kwa Wazungu?"

"Baba akajifanya hakujui. Muuzaji akakuongeza kamba mmoja."

Mama anacheka mpaka anaweka kisu chini. Zamani alikuwa halali kwa kumuwaza baba. Sasa analala, hata mashavu yamerudi. Nafurahi, kweli.

Jana akaniambia, "Unatunza vizuri, mwanangu. Ijumaa nakupa siku niliyokuzaa."

"Na wewe je, mama?"

"Si utanihadithia," akasema, akanisogezea viazi.