Kanzu ya Ijumaa

Mwanamize alikuwa bandani akitoa toroli la kuubebea mzinga wake wa nyuki jaani, aliposikia mumewe akipiga kelele uani, kwenye kamba ya nguo.

"Kanzu yangu! Hebu njoo uone kanzu yangu!"

Ilikuwa kanzu ya Ijumaa, na adhuhuri imekaribia. Mwanamize akaenda shingo upande. Tangu theluji ianguke Birmingham, kila siku alitega sikio kwenye mbao za mzinga ule asisikie hata mvumo. Mumewe alishasema nyuki wamekufa, na leo, jua la kwanza la Februari lilipochomoza, naye alikata tamaa.

Kanzu ilijaa vitone vya manjano kifuani hadi mikononi, vidogo kama punje za mtama.

"Hawa ndege wa jirani hawa!" mumewe alifoka.

Mwanamize aligusa kitone kimoja. Kilikuwa kibichi bado, kikamganda kidoleni. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Ndege gani! Nyuki hawachafui nyumba yao, mume wangu. Wamejizuia baridi yote, leo wamepata jua, wametoka kwenda haja!"

Juu ya vichwa vyao hewa ilikuwa ikivuma.

Mumewe alitazama juu, akaitazama kanzu, akaingia ndani. Mwanamize akajua amekasirika.

Mumewe alirudi na shuka jeupe la kitandani, akalitandaza kwenye kamba.

"Sasa kanzu moja," alisema, "itawatosha wote?"