Fundi Namba Saba

Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wateja, Abedi alitoka mbio ndani ya depo yake ya samaki, akamwinua mlinzi wake wa getini na kumnyang'anya kiti.

Kilikuwa kiti cha plastiki, cha kijani, kimepasuka mgongoni na kushonwa kwa waya. Mzee Nyembo alikuwa amekikalia miaka mitatu. Siku hizi alikikalia kichwa kimeinamia simu, vidole gumba vikicheza, akitabasamu peke yake kama kijana aliyepata mchumba.

"Papa Nyembo, minyi nakulipa ulinde mulango, ao nakulipa uandikie banamuke?"

"Niko nalinda, patron."

"Basi kiti hapana tena. Utalinda ukisimama!"

"Kiti hapana tena. Nitalinda nikisimama," Nyembo alirudia neno kwa neno, akapiga saluti.

Abedi hakujua kama ameheshimiwa au amechekwa, na hilo likamuudhi zaidi. Akakibeba kiti mpaka ofisini, akakiweka chini ya meza na kunyoosha miguu juu yake. Kilikuwa kizuri kuliko alivyodhani.

Tumseme Abedi kwa haki: roho mbaya hakuwa nayo, ila akishaamua jambo, masikio huyafunga. Mwaka uliopita daftari lake la oda lilinyeshewa mvua siku ileile behewa la samaki wakavu lilipoingia kutoka Bukama. Kina mama wa soko wakagawana magunia kwa nguvu za mikono, na walioondoka mikono mitupu wakahamia kwa mshindani wake karibu na stesheni. Abedi akaapa: daftari basi.

Akanunua kompyuta ya kutunzia oda, nayo ikamsumbua kuliko daftari. Mpwa wake akajaribu kuitengeneza. Mpiga picha wa sokoni akajaribu. Hata Nyembo, aliyestaafu ufundi wa redio za jeshi kule kambini Base, akajitolea kuiangalia. Abedi aliwacheka wote. Akatia saini mkataba na kampuni moja ya Lubumbashi, ya Madame Mira, iliyoahidi kumtunzia mashine yake kutoka mbali.

"Fundi yako ni Namba Saba," Madame Mira alimwambia. "Mutaandikiana tu ku simu. Ni muntu ya kazi, utaona."

Na kweli aliona. Namba Saba aliandika kwa ufupi na kwa ukali: "Zimisha machine. Ongoja kidogo. Washisha. Rudilia yenye nimesema." Abedi, ambaye hata mkewe Asma hathubutu kumwamrisha, alirudia kila neno, kisha akatii.

Siku moja intaneti ilikatika, na Namba Saba akaandika kwamba panya wametafuna waya nyuma ya magunia ya chumvi. Walipohamisha magunia, waliukuta waya umetafunwa. Siku nyingine aliandika, "Chomoa antena, mvua inakuya," na Abedi alipochungulia dirishani, wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya paa.

"Lubumbashi wanaona mpaka panya!" aliwatangazia watu Ijumaa baada ya sala. "Nyinyi endeleeni na mafundi wenu wa bure."

Jumatatu, siku mbili baada ya Nyembo kunyang'anywa kiti, behewa la samaki likafika.

Sasa, kila Jumatatu mashine iliomba namba mpya ya siri kabla ya kufunguka. Ndivyo mkataba ulivyotaka, kwa usalama. Kwa kawaida Namba Saba aliituma kabla Abedi hajamaliza chai. Siku hiyo chai iliisha na simu ikabaki kimya. Abedi akaandika. Akaandika tena, safari hii kwa adabu. Akaandika mara ya tatu na kuweka "tafadhali", neno ambalo hakuwa amelitumia tangu alipoposa.

Saa tatu kina mama arobaini walikuwa wamejaa uani, magunia yamerundikwa mbele yao. Mbele kabisa alisimama Mama Kapinga, yule aliyeondoka na magunia sita mwaka jana wakati aliagiza mawili. Alikuwa tayari amejifunga kitenge kiunoni.

"Patron, liste ya oda iko wapi? Ao tujigawie?"

"Inakuya, mama! Lubumbashi banaitafuta!"

Wakigawana tena kwa mabavu, hatabaki na mteja hata mmoja, na depo aliyoachiwa na baba yake itageuka ghala la panya. Alichungulia dirishani kuona kama angalau geti limefungwa. Nyembo alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, simu imo mfukoni, haigusi kabisa. Abedi akashusha pumzi. Hata siku mbaya ina jambo lake jema: mzee alikuwa ameshika adabu.

Kule uani gunia la kwanza likavutwa. Mtu akapiga kelele. Abedi akarudi mezani, akajitupa kwenye kiti chake, akanyoosha miguu palepale ilipozoea na kupiga simu Lubumbashi.

"Madame! Namba Saba amekufa?"

"Hapana, patron, iko muzima." Madame Mira alisikika kama mtu anayejizuia kucheka. "Na code ile ya siri iko nayo. Ila ameniandikia asubuhi, anasema hawezi kutumika kazi amesimama. Utoe kwanza miguu yako pale ku kiti yake, umurudishie."