Mkono wa Bi Kadzo

Bango liliposimamishwa kwenye uzio mpya, Bi Kadzo alijiona juu yake, mkubwa kuliko nyumba yake mwenyewe, mkono wa kulia ameunyoosha hewani. Chini ya picha pameandikwa: TUMEUKUBALI MTAMBO WA NYUKLIA.

"Kumbe nawe ulikubali, dada?" aliuliza jirani yake Mbodze, ndoo kichwani.

"Mimi nilikuwa na swali."

Kabla ya uzio kujengwa, kwenye kikao cha tathmini ya mazingira, mtaalamu alisema mwenye swali anyooshe mkono. Yeye na wenzake walikuwa wamepima maji, udongo, hata popo wa pangoni. Kadzo alitaka kuuliza kaburi la mwanawe, lililo katikati ya eneo la mtambo, litakwenda wapi. Akanyoosha mkono. Wakampiga picha. Kisha mtaalamu akatazama saa, soda zikagawiwa, kikao kikafungwa.

"Basi kamuulize yule mlinzi wa mtambo, yuko ndani pale," alisema Mbodze.

Kadzo akasogea hadi chini ya bango, akaunyoosha tena mkono wake. Ng'ambo ya uzio, karibu na kaburi, mlinzi akamwona. Akatabasamu, akampungia mkono.