Mbwa na Fimbo ya Mwaura

"Baba, mbwa huyu akikataa kuguswa leo, kesho namrudisha kwa waliomwokoa," binti yake alisema kutoka mlangoni.

Mzee Mwaura alipiga hatua nyingine. Mbwa alikuwa amejibana kwenye ua wa miiba ya kayaba, akimngurumia kila aliposogea. Ndipo mzee alipogundua kwamba macho yale hayakumtazama yeye. Yaliitazama fimbo yake ya kutembelea.

Akaitupa mbali. Akaketi nyasini na suti yake ya kanisani, akampa mbwa mgongo.

"Baba! Atakuuma!"

"Nyamaza, mama."

Kwanza alihisi pumzi kisogoni. Kisha pua baridi, yenye unyevu, ikajipenyeza chini ya kiganja chake na kukiinua.

"Haya, njoo uniinue," mzee akamwita bintiye, akicheka. "Lakini fimbo iache hukohuko."