Udi wa Shekue

Siku ya kwenda hospitali Shekue alifanya ujinga: alifukiza suruali yake udi ili daktari asinuse mkojo. Udi na mkojo vikachanganyika, harufu ikamchefua hata yeye. Sasa alilala chali kwenye kitanda cha ultrasaundi, jeli baridi ya kipimo ikimtambaa tumboni kama mlenda uliochacha.

"Baba, tezi dume imevimba, imebana njia," daktari alisema. "Mkojo unabaki ndani. Tusipoweka mpira wa mkojo leo, figo zitaharibika."

"Mpira wa nini, mwanangu? Nimetoka chooni sasa hivi, nimemaliza!"

Daktari akamgeuzia skrini. Juu ya tezi lilitanda dimbwi jeusi: mkojo uliobaki kibofuni.

"Mashine yenu mbovu," Shekue akabisha.

Mkewe, Mwanjaa, akaziba pua kwa kanga.

"Mbovu? Dimbwi hilo ndilo ninalolifua kila asubuhi kwenye mashuka."